Mafunzo Niliyopata Nikijaza Risasi Gerejini

Anayetaka kununua presi ya kujazia risasi nyumbani huanza na swali lile lile: inatoa ngapi kwa saa? Nami niliuliza hivyo hivyo. Siku hizi kijana akinijia na swali hilo, namrudishia la kwangu: mashine ikikwama katikati ya kazi, utajuaje ganda lipi limeshapata baruti na lipi bado? Akisita, simtajii mashine yoyote. Namwambia aje gerejini jioni, akae kwenye kiti changu, avute mpini yeye mwenyewe.

Naishi Texas, na haya ni mambo ya Marekani. Huku sheria ya shirikisho inamruhusu mtu mwenye haki ya kumiliki bunduki ajaze risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni. Akitaka kuzifanya biashara ndipo atafute leseni ya mtengenezaji. Kwetu Tanzania, na kwa jirani zetu Kenya, kutengeneza risasi bila kibali ni kutafuta jela. Kwa hiyo namwandikia Mswahili mwenzangu aliye huku, aliyejiunga na klabu ya shabaha, akaonja mashindano, na sasa anaona risasi za dukani zinamla mshahara. Najua unataka kufika mbali. Nataka ufike na vidole kumi.

Kwa ambaye hajaiona kazi hii: risasi nzima ni vitu vinne, yaani ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa juu. Ganda ndilo lenye gharama kubwa, na ndilo linalobaki baada ya kupiga. Presi ya hatua moja hushika kalibu moja; unapitisha maganda yote kwa kazi moja, unabadili kalibu, unaanza tena. Presi ya hatua nyingi ina sahani ya duara inayobeba maganda kadhaa, kila ganda chini ya kalibu yake. Ukivuta mpini mara moja, hili linatolewa fataki iliyokufa, lile linapata baruti, la tatu linawekewa kichwa, na risasi iliyokamilika inadondokea kisandukuni. Hapo ndipo moyo wa mtu unapoibiwa.

1. Nunua kwa risasi unazopiga, si unazoota kupiga

Nilipojiunga na klabu nilikuwa na presi ya hatua moja, chuma kizito cha RCBS kiitwacho Rock Chucker, nilichokinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Kwa presi ya aina hiyo mtu asiye na haraka hujaza risasi 50 hadi 100 kwa saa. Zilinitosha kabisa. Kisha nikaanza kwenda kwenye mashindano ya USPSA, chama cha bastola kilichoanzishwa mwaka 1984, na huko nikakaribishwa nyumbani kwa jamaa mmoja mwenye presi ya vituo vinane iliyofungwa mota. Anabonyeza swichi, risasi zinamiminika. Nilirudi kwangu naona haya hata kuiangalia presi yangu.

Nikanunua kubwa, kwa mkopo. Ilikuwa sawa na kununua sufuria la harusi kwa kuchemshia chai ya watu wawili. Mashindano ya klabu ya siku moja hula risasi kati ya 100 na 200, na mimi nilikuwa nikishindana mara moja kwa mwezi, tena mvua isiponyesha. Mashine ilijaza za mwezi mzima kabla chai yangu haijapoa, halafu ikakaa ikikusanya vumbi hadi mwezi unaofuata. Nikirudi nimeshasahau imepangwaje, na jioni nzima inaishia kwenye kuirekebisha.

Mama watoto nilimwambia tutaokoa fedha. Hakubishana, alinunua daftari. Baada ya mwaka akanionyesha: gharama ya risasi moja ilikuwa imeshuka kweli, kwa asilimia ya kujivunia. Ila nilikuwa nimepiga risasi nyingi kuliko miaka ya nyuma yote kwa pamoja, kwa kuwa zilikuwepo. Daftari lile bado analo, hulitoa wageni wakija.

Ukipiga chini ya risasi mia mbili kwa mwezi, presi ya hatua moja, au ya tareti yenye kichwa cha kuzunguka kinachoshika kalibu kadhaa, inakutosha, na itakufundisha kila hatua kwa utulivu. Ukifika mia tano na zaidi, na unaona usiku wako unaishia gerejini, hapo presi ya hatua nyingi ina maana. Anza na ile ndogo hata kama una fedha za kubwa. Aliyewahi kuketisha kichwa kimoja kimoja anajua mkononi mwake mambo yanapokwenda sawa, na mkono huo ndio atakaouhamishia kwenye mashine inayofanya mambo manne kwa mkupuo.

2. Amua kwanza nani atazungusha sahani

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na ndilo wanunuzi wengi huliruka. Presi za hatua nyingi ziko za namna mbili. Kuna ambazo sahani huizungusha mwenyewe kwa kidole kila baada ya kuvuta mpini, na kuna ambazo hujizungusha zenyewe. Mfano wa kwanza ni RL 550 ya Dillon, yenye vituo vinne. Ya pili ni XL 750 ya kampuni hiyo hiyo, yenye vituo vitano, iliyochukua nafasi ya XL 650 mwaka 2019. Lock-N-Load AP ya Hornady wa Grand Island, Nebraska, nayo ina vituo vitano na hujizungusha.

Nilidhani ya kuzungusha kwa mkono ni ya maskini. Kwenye klabu yetu kulikuwa na mzee aliyestaafu kiwanda cha kusafisha mafuta, mpigaji wa daraja la juu, na yeye alikuwa na hiyo hiyo ya mkono, rangi imechubuka hadi chuma kinaonekana. Nikamuuliza, kwa adabu iliyochanganyika na kiburi kidogo, kwa nini habadilishi. Hakujibu. Alinikalisha nijaze. Katikati ya kazi ganda moja likakaa upande. Nikalitoa, nikalitazama, nikalirudisha. Sahani haikuwa imesogea hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyeisogeza. Kila ganda lilikuwa pale pale nilipoliacha.

Nyumbani, kwenye mashine yangu ya kujizungusha, tatizo lile lile lilikuwa linanigharimu. Ukiinua mpini kutafuta kilichokwama, sahani nayo inasogea. Ukiushusha, inasogea tena. Ganda lililokuwa linangoja baruti limeshapita, na jingine limepimiwa nusu. Ukiwa mgeni wa mashine hiyo, sekunde kumi zinatosha kukupoteza.

Msidhani naisifia ya mkono kwamba haina hatari. Ina hatari yake kubwa: ukisahau kuizungusha, ganda lile lile linapata baruti mara mbili. Mashine ya kujizungusha haisahau. Kwa hiyo swali ni la tabia yako. Je, wewe ni mtu wa kufanya jambo moja kwa mpangilio ule ule bila kuchoka, redio imezimwa, simu iko chumbani? Ya mkono itakufaa. Unajaza risasi za aina moja tu kwa wingi, na mashine umeielewa hadi chini? Chukua ya kujizungusha. Watengenezaji hutaja takriban risasi 400 hadi 600 kwa saa kwa aina ya kwanza, na 800 hadi 1,000 kwa ya pili. Namba hizo ni za mtu ambaye fataki zimeshapangwa mirijani, maganda yameshasafishwa, na hakuna mtoto anayegonga mlango. Wewe kata theluthi.

Kwa mashine yoyote, nina kanuni moja nisiyoivunja: kazi ikikatika kwa sababu yoyote ile, natoa maganda yote yaliyo sahanini, narudisha baruti koponi, naanza upya. Napoteza dakika mbili. Sijaribu kukumbuka.

3. Kituo cha ziada ni cha macho

Ilikuwa Jumamosi, kwenye mashindano, nikiwa kwenye hatua niliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Bang, bang, bang, kisha sauti iliyokuwa nyingine: *paf*, kama mtu ameangusha kitabu. Kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta tena. Msimamizi akapiga kelele: "Stop!" Nikasimama, nimekasirika, nikidhani ananionea.

Tulipofungua bastola, kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Ganda lile halikuwa na baruti hata chembe. Fataki peke yake ilikuwa na nguvu ya kukisukuma hadi hapo. Risasi ya pili ingekikuta njiani, na mtutu ungevimba au kupasuka mbele ya uso wangu. Msimamizi alikigonga kwa kijiti cha shaba hadi kikatoka, akanikabidhi kichwa kile mkononi bila kusema neno. Nilijua kilikotoka: wiki hiyo fataki moja ilikaa kichwa chini, nikalitoa ganda, nikalirudisha kwenye kituo kilichofuata badala ya kile kilichotangulia.

Kwa hiyo unapohesabu vituo vya presi, usihesabu kwa tamaa. Hesabu kazi. Kituo cha kwanza hurudisha ganda kwenye umbo na kutoa fataki ya zamani. Kingine hupanua mdomo na kumwaga baruti. Kingine huketisha kichwa, na cha mwisho hubana mdomo. Hivyo ni vinne, vimejaa. Kituo cha tano kinakupa nafasi ya kalibu ya kukagua baruti: kijiti hushuka ndani ya ganda na kukuonyesha kina, na zipo zinazofunga mpini kabisa kiwango kikizidi au kikipungua. Kwenye presi ya vituo vinne unaweza kupata nafasi hiyo ukikubali kuketisha na kubana kwa kalibu moja, lakini lazima uipange vizuri mno, na vichwa vya risasi visivyochongwa vizuri vitakusumbua.

Hata ukiwa na kifaa hicho, tazama ndani ya kila ganda kabla hujaweka kichwa. Nimefunga taa ndogo nyeupe juu ya sahani, imeelekezwa moja kwa moja kwenye ganda linalosubiri kichwa. Kiti nimekipandisha hadi naona chini ya ganda bila kuinama; kabla ya hapo nilikuwa nachungulia kwa shingo, na mtu anayeumwa shingo huacha kuchungulia. Jambo lingine ni uchaguzi wa baruti. Kati ya zile ambazo kitabu cha vipimo kinakuruhusu kwa risasi yako, chagua inayojaza zaidi ya nusu ya ganda. Hapo ikimwagwa mara mbili inafurika mezani na unaiona. Baruti za kipimo kidogo zinapendwa kwa kuwa kopo moja hudumu, lakini ndizo zinazokubali kujificha maradufu ndani ya ganda bila kukuaga.

Na vipimo vichukue kitabuni, cha Lyman au cha mtengenezaji wa baruti yenyewe. Usichukue kwangu. Usichukue kwa mtu yeyote wa uwanjani, hata akiwa na medali shingoni.

4. Mpini ukigoma, usishindane nao

Maganda ya .45 ACP yana siri. Kwa miongo mingi yalitengenezwa kwa fataki kubwa, kisha baadhi ya viwanda vikaanza kuyatoa yenye tundu la fataki ndogo. Kwa nje ni mapacha. Nilikuwa nimeokota mchanganyiko uwanjani, nikamimina ndooni, nikapanga mashine kwa fataki kubwa.

Mpini ulifika mahali ukagoma. Mimi ni mtu wa kusukuma. Nikasukuma. Mlio uliofuata ulimleta mke wangu gerejini akiwa na mwiko mkononi. Ilikuwa fataki moja tu, ikijaribu kuingia kwenye tundu lisilo lake, nayo ilipasuka chini ya sahani. Moshi kidogo, masikio yanalia, na alama nyeusi kwenye miwani yangu ya usalama, ambayo nilikuwa nimeivaa kwa bahati tu kwa sababu ya kusoma haikuonekana ilipo.

Juu ya fataki ile kulikuwa na mrija wenye zingine karibu mia. Mrija huo ulikuwa ndani ya bomba la chuma kinene, na bomba hilo ndilo lililonifanya nianze kutazama presi kwa jicho lingine. Unapoenda dukani usitazame kwanza vitu vinavyong'aa. Uliza fataki zinaingiaje. Zimepangwa mrijani au kwenye trei? Kuna kinga gani kati ya inayowekwa na zinazosubiri? Ikikwama moja, inatolewaje bila kuchokonolewa kwa bisibisi? Fundi wa duka akishindwa kukuonyesha kwa mkono wake, nenda duka lingine.

Sehemu ya fataki ndiyo inayosumbua kwenye karibu kila presi ya hatua nyingi, ghali au rahisi. Punje moja ya baruti ikianguka chini ya kijiti kinachosukuma fataki, kila fataki inayofuata inakaa juu kidogo. Nina brashi ya rangi, ile ndogo ya watoto wa shule, na kila nikimaliza mrija mmoja wa fataki nafagia. Kifaa changu chenye faida kubwa kuliko vyote kilinigharimu chini ya dola moja.

5. Maganda ya kuokota yana wageni

Kwa kifupi: kabla hujailaumu mashine, mimina maganda mezani uyachambue kwa macho na vidole. Kwenye ndoo ya 9mm utakuta .380 zilizo fupi kidogo, za chuma, za aluminiamu, na za kijeshi ambazo fataki yake imebanwa kwa mduara na haitaki kupokea mpya hadi ubanaji ule uondolewe. Kuna za mtindo wa Berdan zenye vitundu viwili badala ya kimoja katikati. Hizo huvunja sindano ya kalibu. Kwenye presi ya hatua moja mgeni wa namna hii unamhisi na kumtoa. Kwenye presi inayokwenda kasi, anasimamisha kazi nzima, na umeshasoma hapo juu kinachotokea kazi inaposimama.

6. Bei ya presi ni mlango tu

Niliweka fedha za presi. Sikuweka za mizani, za kupimia urefu, za chombo cha kusafishia maganda, za mirija ya fataki ya akiba, za geji ya kukagulia risasi iliyokamilika, wala za meza. Meza ndiyo iliyoniumbua. Nilifunga presi kwenye meza ya zamani ya kulia chakula, na kila sahani iliposogea, meza iliyumba na chembe za baruti ziliruka nje ya ganda. Nikawa naongeza kipimo kufidia kinachomwagika, jambo ambalo sitaki mtu yeyote alifanye. Meza ya mbao nene, iliyofungwa ukutani kwa boliti, ilimaliza tatizo usiku mmoja.

Halafu kuna kubadili aina ya risasi. Kila aina inataka sahani yake, kalibu zake, na kwenye mashine nyingi kuhama kutoka fataki kubwa kwenda ndogo ndiko kunakochukua muda. Ukijaza 9mm peke yake, halikuhusu. Ukijaza aina nne, kidogo kidogo, jumla ya vifaa vya kubadilishia inaweza kukaribia bei ya presi yenyewe, na hapo mashine rahisi kubadilisha inaishinda iliyo na kasi. Hornady wanatumia vishikizo ambavyo kalibu hufungwa kwa kugeuza kidogo tu. Dillon 550 ina kichwa kinachochomolewa pamoja na kalibu zake zote zikiwa zimeshapangwa. Square Deal B ya Dillon ni nzuri kwa bastola, lakini inatumia kalibu zake peke yake, zile za kawaida haziingii. Lee wa Hartford, Wisconsin, wanauza kwa bei ya chini kuliko wote hao, na Pro 1000 yao ina vituo vitatu. Watu niliowaona wakifurahia mashine za Lee ni wale wanaopenda kurekebisha vitu. Asiyependa kushika spana ajijue.

Ya mtumba usiiogope. Mike Dillon, rubani wa ndege za abiria aliyependa bunduki za rashasha na kuchoka kuzilisha, alijenga kampuni yake huko Arizona kwa ahadi ya kutengeneza mashine zake maisha yote, na ahadi za namna hiyo zimewafanya washindani wake nao wawe wakarimu kwa vipuri. Mwombe muuzaji ajaze risasi chache mbele yako. Akisema hana fataki, rudi akiwa nazo.

Na kuhusu fataki: mwaka 2020 zilitoweka madukani, na ukame huo uliendelea mwaka uliofuata wote. Presi yangu ya kifahari ilikaa na kifuniko chake kama mgonjwa aliyelazwa. Wenye akiba ndogo waliyoijenga taratibu walipiga; mimi nilisafisha maganda tu.

7. Gereji ya Texas si ghala

Baruti na fataki hazipendi joto wala unyevu, na gereji yangu mwezi wa Agosti ni tanuri. Nilihamishia kabatini ndani ya nyumba, kavu, mbali na hita ya maji, kila kitu kwenye kopo lake la asili. Kiwango cha NFPA 495 ambacho idara nyingi za zimamoto hukifuata kinaruhusu hadi pauni 20 za baruti isiyotoa moshi kwenye makazi, kiasi cha kilo tisa, na fataki zisizozidi 10,000. Mpangaji asome mkataba wake kwanza. Kopo moja tu la baruti liwe mezani wakati wa kazi. Makopo mawili ni mwaliko wa kumimina la pili kwenye chombo cha la kwanza.

Lililonikuta bila kutarajia lilitoka kwa daktari. Kwenye vipimo vya kawaida, kiwango cha madini ya risasi katika damu yangu kilikuwa juu. Nilifikiri ni uwanjani. Kwa sehemu ni kweli, lakini fataki nyingi za kawaida zina madini hayo, na masalio yake hukaa ndani ya maganda yaliyopigwa. Mimi nilikuwa nayatikisa kwenye chombo cha kusafishia kwa punje kavu, gereji imefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, vumbi likielea kwenye mwanga wa taa, na kikombe changu cha chai kikiwa wazi pembeni. Wajukuu walikuwa wakiingia na kukaa sakafuni.

Sasa nayaosha kwa maji, nje ya nyumba. Nguo za kazi hazichangamani na za familia, mikono naosha kwa sabuni na maji baridi kabla sijagusa kitasa cha mlango, na chai inanisubiri jikoni. Daktari alinipima tena baadaye na kiwango kilikuwa kimeshuka. Wajukuu wanabisha hodi, nami natoka.

8. Karatasi zako kwanza, na begi lako mwisho

Hili Wamarekani wenzangu wa klabu hawalijui kwa kuwa haliwahusu. Kwa sheria ya shirikisho, mtu aliye huku kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi. Ipo misamaha michache, kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake, hata kwa kosa linaloitwa dogo, haruhusiwi. Na sheria hiyo inapotaja risasi, inahesabu pia ganda, fataki, kichwa na baruti vikiwa mbalimbali. Kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi, alikuwa anakuja kunisaidia kupanga fataki Jumapili, na mimi nikifurahi kupata mkono wa bure, hadi wakili mmoja msikitini aliponiita pembeni na kuniuliza viza yake ni ya aina gani. Angeweza kupoteza masomo kwa ukarimu wangu. Siku hizi akija tunakunywa kahawa barazani.

Na begi. Lile unaloendea uwanjani lisiwe ndilo unalosafiria nyumbani. Risasi moja iliyojipenyeza kwenye mshono wa begi hapa Texas ni usumbufu wa kuelezea. Ikionekana kwenye mashine ya ukaguzi Dar es Salaam au Nairobi, ni jambo la polisi, na hakuna atakayekuuliza ulipata nafasi ya ngapi kwenye mashindano. Baruti na fataki hazipandi ndege kabisa, hata kwenye mzigo wa chini. Langu la uwanjani ni la rangi ya chungwa, kali, ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angeenda nalo harusini Tanga. Hata hivyo kabla ya safari naligeuza sanduku langu nje ndani, nalikung'uta juu ya shuka jeupe, napitisha vidole kwenye kila mshono. Mke wangu hupitia baada yangu, kwa sababu yake mwenyewe.